Raido Kichwa Chini

Saa tisa alasiri nilitoka kwenda kuchukua barua. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani ni mwendo wa dakika saba. Visanduku vya barua viko pale, vimepigiliwa kwenye ubao mmoja: changu, cha jirani yangu Gudlaug, na cha wale watu wa Oslo wanaokuja Pasaka tu. Kwetu Desemba, saa tisa jua limeshakata tamaa. Nikavaa buti, nikawasha tochi ya kichwani, nikaenda huku nalalamika peke yangu, kwa kuwa siku hizi anayeniandikia ni muuza mbegu tu.

Siku hiyo palikuwa na kadi.

"Shangazi Magnhild," iliandikwa kwa kalamu ya bluu, "nakuja Ijumaa kuangalia nyumba ya mama. Nitapita kwako. Niandalie vile vijiti vyako, nina jambo la kuuliza. Eldrid."

Bado nimeishika kadi mkononi, nikasikia sleji.

Nasema ile sleji ya mguu, kiti chenye vyuma viwili virefu chini, cha kuteleza juu ya theluji. Unasimama nyuma yake, unasukuma kwa mguu mmoja. Wazee wote wa huku wanayo, ndiyo fimbo yao ya kutembelea. Sauti yake haifanani na kitu kingine. Shrrr… kisha mguu. Shrrr… kisha mguu.

Ilikuwa inatoka kwenye kijia cha kwa Gudlaug.

Nikageuza tochi. Theluji tupu. Sauti ikaja, ikanipita karibu kabisa, na nyuma yake ikapita harufu ya kafuri, ile dawa aliyokuwa akijipaka Gudlaug kifuani. Ikapanda kuelekea kwangu. Nikasikia kwa mbali buti zikikung'utwa kwenye ngazi ya kibaraza changu. Dub. Dub.

Kisha kimya.

Gudlaug alikuwa na miezi kumi na moja kaburini.

Nieleze kitu kimoja, maana msipokielewa hiki hamtaelewa nilichofanya. Kwetu kuna watu wanaofika mara mbili. Kwanza hufika sauti yao: hatua zao, kukohoa kwao, ufunguo wao kwenye kitasa. Unafungua mlango, hakuna mtu. Dakika kumi baadaye mwenyewe anafika, mzima wa afya, na anafanya vilevile ulivyosikia. Tunamwita mtangulizi. Si mzimu, na hakuna anayemwogopa. Mama yangu akisikia mtangulizi wa baba alikuwa anabandika viazi, na baba akiingia viko tayari.

Mtangulizi wa Gudlaug alikuwa hodari kuliko wote niliowahi kuwasikia. Alikuja na sleji, alikung'uta buti, alibisha mlango kabisa. Nilikuwa nasikia, natabasamu, nabandika kahawa. Ikichemka tu, Gudlaug huyo anaingia.

"Mtangulizi wako ana adabu kuliko wewe," nilikuwa namtania. "Yeye hajawahi kunimwagia theluji sakafuni."

"Mpe yeye kahawa basi," ananijibu. "Mimi nipe keki."

Miaka thelathini na moja tulikunywa kahawa hivyo. Na mimi ndiye niliyemuua.

Sikumshika koo. Nilimfanyia mambo mawili tu, moja Oktoba na moja Januari. La kwanza ni la vijiti.

Mimi ni mpiga vijiti, ndiyo ramli ya huku. Nilijifunza kwenye kozi ya wiki mbili, sidanganyi mtu kwamba nilirithi kwa bibi. Vijiti ishirini na vinne, kila kimoja kimechongwa herufi moja ya kale, na kila herufi ina maana yake. Mti niliupata mwenyewe: mrogni, mti wa huku wenye matunda mekundu, uliomea juu, kwenye panda ya mti mwingine, usiogusa ardhi, maana huo ndio wenye nguvu. Vitabu vinasema herufi zipakwe damu. Mimi nilipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka madirisha. Hata hivyo watu wa bondeni walikuja. Wenye mimba, wenye kesi, wenye wanaume.

Oktoba ile Gudlaug alikuwa ametoka kwa daktari. Moyo ulikuwa umechoka. Binti yake Eldrid alitaka ahamie kwake Stavanger kabla ya theluji, mahali ambapo hospitali iko mtaa wa pili. Gudlaug hakujua afanye nini.

"Nipigie, shoga," akasema, akasukuma kikombe pembeni. "Niende au nisiende?"

Nikaingiza mkono mfukoni mwa vijiti, nikachomoa kimoja.

Raido.

Hakuna herufi iliyo wazi kama hiyo. Raido ni farasi, ni njia, ni safari. Ikisimama wima, maana yake nenda, njia imefunguka, anayekungoja yuko upande wa pili. Ikilala kichwa chini, maana yake safari ina kizuizi, kaa ulipo. Mtoto wa shule angeisoma.

Ilikuwa imesimama wima.

Niliiona kabla ya yeye kuiona. Na kwa muda mfupi sana nikaiona Desemba bila sleji kwenye kijia. Nikaona taa ya upande wa pili wa shamba imezimwa, na kikombe kimoja mezani. Nikaogopa. Kidole gumba changu kikaigeuza nilipokuwa naiweka mezani, upesi, kama mtu anavyofuta chembe ya mkate.

"Kichwa chini," nikasema. "Pole, bibi wee. Ngoja machipuko."

Akakiangalia kile kijiti. Akaniangalia mimi. Kisha akacheka. "Mh! Hata vijiti vyako vinanionea." Akachukua keki ya pili, na habari ya Stavanger ikaishia hapo.

La pili nimelibeba mwaka mzima bila kumwambia mtu.

Januari, saa tisa, nilikuwa jikoni nafuma soksi. Nikasikia sleji. Nikasikia buti, dub, dub. Nikasikia mlango ukibishwa. Nikatabasamu, nikabandika birika, nikarudi kwenye soksi. Mtangulizi, nikasema. Mwenyewe yuko njiani.

Ukabishwa tena.

Kisha mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa chini. Chini kabisa, karibu na sakafu, kama kwa kiganja. Mtangulizi wake hakuwahi kubisha chini namna ile. Sindano zikasimama mkononi mwangu. Nikajua kuna kitu. Lakini nilikuwa katikati ya kisigino, na ukiacha kisigino katikati hesabu inapotea, na kahawa ilikuwa bado haijachemka… Nikamaliza mstari. Nikamaliza na wa pili.

Nilipofungua, Gudlaug alikuwa amekaa sakafuni kibarazani, ameegemea mlango. Akanidondokea miguuni. Nyusi zake zilikuwa na barafu.

Daktari alisema huenda aliishi dakika chache baada ya kufika hapo. Akaniuliza kama nilisikia chochote. Nikasema sikusikia. Eldrid akaniuliza kwenye mazishi. Nikasema sikusikia.

Sasa Ijumaa Eldrid anakuja, na mtangulizi wa mama yake ameanza kuja kabla yake. Alhamisi alikuja pia. Sleji, buti, kafuri. Nilikaa jikoni nimeziba masikio kwa viganja, mwanamke mzima wa miaka sitini na nane. Maana mtangulizi akija, mwenyewe hufuata. Sikuwahi kusikia mtangulizi ambaye mwenyewe hakufika.

Eldrid aliingia Ijumaa saa nane, amevaa koti la mjini lisilofaa kitu.

"Shangazi, umekonda!" akasema. "Huli?"

"Nakula. Na wewe hilo koti umeliazima kwa bata?"

Tukacheka kidogo. Nikamwekea kahawa, na keki ambayo hakuigusa. Akaniambia shida yake. Nyumba ya mama yake imepata mnunuzi, lakini kila akitaka kutia saini mkono unakataa. Anaota mama yake yuko kituo cha basi na sanduku lake, mwaka mzima, basi haliji.

"Nipigie kimoja tu," akasema. "Niuze au nisiuze?"

Nilitaka kukataa. Nikaona macho yake, mekundu kwa kuendesha gari na kwa kulia, nikaona aibu. Nikaingiza mkono.

Raido.

Wima. Nikaiweka mezani taratibu, kwa vidole viwili, kidole gumba nimekikunja ndani ya ngumi. Nikaondoa mkono.

Ilikuwa kichwa chini.

"Subiri," nikasema. "Nimekosea." Nikairudisha, nikachanganya, nikachomoa.

Raido. Wima mkononi. Nikaiweka. Kichwa chini.

Mara ya tatu sikuiweka. Niliiachia ishike meza yenyewe, nikafumba macho, na nikaisikia ikigeuka chini ya kiganja changu. Taratibu… mti juu ya mti.

"Shangazi, mbona umefumba macho?"

Shrrr… mguu. Shrrr… mguu.

Eldrid akageuza kichwa. Alikuwa anasikia! Mwaka mzima nilijipa moyo kwamba nikianza kusikia mambo ni uzee, na sasa huyu hapa ameinua shingo.

"Nani anakuja?"

Dub. Dub.

"Hakuna mtu," nikanong'ona. "Ni mtangulizi tu."

"Wa nani?"

Harufu ya kafuri ilipita chini ya mlango. Eldrid akaitambua, nikaona uso wake ukibadilika rangi. Akainuka, akaenda, akafungua mlango kwa nguvu. Kibaraza kitupu. Kwenye theluji palikuwa na alama za buti zake mwenyewe tu.

Akarudi, akakaa. Ndipo nikamwambia habari ya Oktoba. Maneno yalinitoka ovyo, na machozi, na kamasi. Nikamwambia kijiti kilisimama wima. Nikamwambia nilikigeuza kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu. Nikamwambia mama yake angekuwa Stavanger, mtaa wa pili na hospitali, kama si kidole hiki.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama alikuona. Alinipigia simu jioni ileile. Alikuwa anacheka. Aliniambia, 'Magnhild amekigeuza, anadhani mimi kipofu. Sasa mtu anayenitaka kiasi cha kuiba kwenye vijiti vyake mwenyewe, nitamwachaje? Nitakuja machipuko.'"

Kwa hiyo alibaki akijua. Alibaki kwa ajili yangu. Na Januari, moyo ulipomshika njiani, hakugeuka kurudi kwake kwenye simu. Alikuja kwangu, kwa mtu anayemtaka.

"Shangazi," Eldrid akasema polepole. Alikuwa hanitazami. "Kitu kimoja tu kinaninyima usingizi. Alibisha? Ulimsikia?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, nilichotakiwa ni kupita tu. Nikamtazama mtoto yule niliyemfumia soksi tangu ana miaka miwili.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Sikusikia kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikasimama hadi taa nyekundu zikapotea kwenye kona. Ilikuwa saa tisa na nusu, giza tayari, baridi ya kukata pua. Nilikuwa na sweta tu, na tochi kichwani.

Nikarudi. Nikapanda ngazi, nikakung'uta buti. Nikashika kitasa.

Hakikugeuka.

Nikasukuma kwa bega. Mlango ule haujawahi kufungwa kwa ufunguo, hata ufunguo wenyewe sijui uko wapi. Ndani taa ilikuwa inawaka. Nilisikia harufu ya kahawa. Nikasikia mtu anaimba kwa pua, ule wimbo wa kuhesabia vitanzi ambao mimi huimba nikifuma.

Ilikuwa sauti yangu.

Nikabisha. Kuimba kukakoma.

Nikasikia kiti kikilia, kile cha karibu na jiko. Nikasikia birika likiwekwa juu ya chuma. Kisha ile sauti, yangu, imetulia, ina furaha ndani yake, ikasema:

"Mtangulizi huyo."

Na sindano zikaanza tena. Tik, tik, tik.

Nilipiga kelele. Nilijitaja jina. "Ni mimi! Fungua, ni mimi mwenyewe!" Nikabisha tena kwa ngumi. Tik, tik, tik. Baridi ilipanda kutoka miguuni, nikashuka huku nimeegemea mlango hadi nikakaa sakafuni. Nikainua mkono mara moja tena. Haukufika juu. Nikabisha pale ulipofika, kwa kiganja, na ndipo nilipoelewa kwa nini ile ya tatu ilikuwa chini.

Aliyeniokota ni Oddvar, dereva wa gari la kusukuma theluji. Aliona tochi yangu ya kichwani inamulika paa.

"Wewe Magnhild, umelewa?" akasema huku ananinyanyua. "Mbona umekaa nje?"

"Mlango…"

Akausukuma kwa kidole. Ukafunguka. Ndani hapakuwa na mtu. Soksi ilikuwa juu ya kiti, na birika lilikuwa limechemka hadi likakauka na kuanza kuungua. Labda nililibandika mwenyewe nilipokuwa natoka. Oddvar alisema hivyo, na alisema baridi humtoa mtu akili. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikupona, kimojawapo ni kile gumba.

Jumapili iliyofuata, saa tisa, nilimpigia Eldrid.

"Nilisikia," nikasema, kabla hata hajamaliza kunisalimu. "Nilimsikia mama yako. Nilidhani ni mtangulizi. Halafu nikajua kwamba siye, na bado sikuinuka. Nilikuwa namaliza kisigino cha soksi, Eldrid. Nilikudanganya mazishini na nimekudanganya Ijumaa."

Nilikuwa nasikia saa yake ya ukutani huko Stavanger.

"Alibisha mara ngapi?" akauliza mwishowe.

"Tatu."

Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, ya mtu anayejiandaa kusema neno ambalo halirudishwi. Nililingoja. Nilistahili.

Lakini kabla hajalisema, kupitia simu, nyuma yake, nikasikia kitu kikikung'utwa kwenye ngazi.

Dub. Dub.

"Subiri," Eldrid akasema. "Kuna mtu mlangoni."

Stavanger siku hiyo hapakuwa na theluji, niliangalia baadaye. Palikuwa na mvua.

"Eldrid," nikasema. "Usiulize nani. Usingoje abishe tena. Nenda ufungue. Sasa hivi, mwanangu, fungua!"

Aliweka simu juu ya meza. Nikasikia hatua zake zikienda, kwanza polepole, halafu mbio. Nikasikia kitasa. Nikasikia mvua ikiingia sebuleni… kisha simu ikakatika.

Sijui alimkuta nani. Hajanipigia tangu siku hiyo, na mimi sina uso wa kumpigia. Nasikia nyumba imeuzwa, na kwamba yeye yuko salama, anakwenda kazini, amenenepa kidogo.

Kwangu hakuna sauti tena. Saa tisa ikifika nabandika kahawa na kufungua mlango, naacha wazi hadi maji ya ndoo yanashika barafu, nasikiliza kijia. Hakuna anayekuja, wala wa kwanza wala wa pili.